Hipnosisi au taswira za kuongozwa: ipi imfae mwenye hofu ya ndege Dodoma?

Tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, wenye hofu ya ndege hapa mjini wamepata pa kujificha. Zamani mtu akiitwa kikaoni Dar es Salaam alikuwa na saa moja ya ndege upande mmoja na siku nzima ya basi upande wa pili, na akichagua basi wenzake walimshangaa. Sasa anapanda treni, baada ya saa tatu na nusu au nne yuko Dar, na hakuna wa kumuuliza. Shida huanza siku barua ya safari inapotaja Mwanza kesho kutwa asubuhi, au daktari anapoandika rufaa ya India, au jina linapotoka kwenye orodha ya Hija. Reli haifiki Mumbai wala Jeddah.

Kwa watu wa namna hiyo, siku hizi hutajwa njia mbili zinazotumia akili yenyewe badala ya kidonge: hipnosisi na taswira za kuongozwa, yaani picha unazojenga akilini ukifuata sauti. Kwa sura zinafanana. Zote unafumba macho, unatuliza pumzi, unasikiliza sauti ya mtu. Ndiyo maana wengi wanazichanganya, na wanaouza rekodi mtandaoni wanazichanganya makusudi. Lakini hazifanyi kazi moja, hazigharimu sawa, na hazimfai kila mtu. Nisizunguke: mkazi wa Dodoma asiye na mtaalamu anayemwamini karibu aanze na taswira, tena za aina moja maalumu nitakayoieleza chini. Hipnosisi inawafaa baadhi ya watu vizuri sana, na watu hao wanaweza kujulikana kabla hawajatoa hata shilingi.

Unaogopa nini hasa?

Swali hili watu hulivuka haraka, na ndilo linaloamua karibu kila kitu. Kuna anayeogopa ndege kuanguka. Kuna asiyewaza ajali kabisa, ila mlango ukifungwa anahisi amefungiwa kabatini. Kuna anayeogopa mwili wake mwenyewe: moyo kwenda mbio, vidole kuwasha, kifua kubana, halafu aibu ya kupiga kelele mbele ya abiria wengine. Na wapo wale ambao ukiwapa usukani wa Land Cruiser wataendesha usiku mpaka Singida bila wasiwasi, wanachoshindwa ni kukaa nyuma huku mtu wasiyemwona akiendesha.

Tanzania tuna jambo la ziada. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakafa. Video zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp siku nzima: mkia wa ndege juu ya maji, mitumbwi, kamba. Mtu aliyeziangalia mara nyingi hana haja ya kufundishwa taswira. Kila usiku kabla ya safari anajiongoza mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa rangi na sauti, ila anajiongoza kwenda ziwani. Mwenye hofu kali ya ndege huenda ana fikra zenye nguvu kuliko jirani yake, na nguvu hiyo hiyo ndiyo mtaji wa njia zote mbili.

Hipnosisi

Tuyaondoe kwanza mazingaombwe. Likitajwa jina hili kwenye kijiwe cha kahawa, inayokuja kichwani ni picha ya mtu jukwaani anayemwamuru mwenzake abweke, au tapeli wa stendi anayemgusa mtu bega naye akakabidhi simu pamoja na namba ya siri. Hipnosisi ya tiba haina undugu na hayo. Hulali. Hupotezi fahamu. Bodaboda ikipita nje unaisikia, na ukitaka kuinuka unainuka. Kinachobadilika ni umakini: unakusanyika mahali pamoja, ya pembeni yanafifia, na maneno unayoambiwa yanapokelewa bila ule ubishi wa kawaida wa kichwani. Mtaalamu hukuongoza mpaka hapo, kisha hupanda mawazo machache yaliyochaguliwa, na mara nyingi hukufundisha ishara ndogo, kwa mfano kubana kidole gumba na cha shahada, utakayoitumia peke yako ukiwa kwenye kiti cha ndege.

Asili yake inachekesha kidogo. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, Benjamin Franklin akiwamo, ichunguze tiba ya Franz Anton Mesmer aliyedai anaponya watu kwa nguvu ya sumaku iliyomo mwilini. Tume ikapima, ikakuta sumaku hakuna. Kinachowatikisa wagonjwa ni fikra zao wenyewe. Mesmer alishushwa heshima. Ukiangalia vizuri, tume ile ilikuwa imegundua dawa huku ikidhani imefichua utapeli tu.

Kwa hofu ya ndege, utafiti unaotajwa sana ulichapishwa Marekani mwaka 1981 na daktari wa akili David Spiegel na wenzake. Wagonjwa 178 walipewa kikao kimoja cha dakika 45, basi. Kisha wakaulizwa hali zao baada ya muda, wengine baada ya miezi sita, wengine baada ya miaka kumi na zaidi. Kati ya waliojibu, asilimia 52 walisema wameishinda hofu au wamepata nafuu. Kwa kikao kimoja si haba. Ila usikimbilie kufurahi: hapakuwa na kundi la kulinganisha ambalo halikutibiwa, na majibu yalikuwa ya watu kujieleza wenyewe.

Jambo la thamani zaidi katika utafiti ule ni hili: wale waliopimwa wakaonekana ni wepesi kuingia katika hipnosisi walikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili na nusu ya kunufaika kuliko wasio wepesi. Wepesi huo hautegemei elimu wala udhaifu wa akili, kama wengi wanavyodhani. Ni tabia ya mtu, na haibadiliki sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako kipimo maarufu cha jambo hili kilitengenezwa mwaka 1959, waliwapima tena watu walewale baada ya miaka 25 na kukuta alama zao zimesogea kidogo tu. Wachache ni wepesi sana, wachache ni wagumu kabisa, wengi wako katikati.

Utajijuaje bila kipimo? Fikiria jioni unayotazama tamthilia. Kama chai inapoa mkononi, watoto wanakuita mara tatu husikii, na mhusika akilia nawe unafuta machozi, una dalili nzuri. Kama wewe ni yule anayesema “hii si kweli, angalia nywele za bandia zile” tangu dakika ya kwanza, hipnosisi inaweza kukutoza pesa bila kukupa kitu. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukufanya uulize maswali zaidi kabla ya kulipa.

Mawazo yaliyopandwa katika kikao kile cha Spiegel nayo yanafaa kujulikana, maana hata asiyetaka hipnosisi anaweza kuyaazima. Wagonjwa hawakuambiwa “usiogope”, kwa sababu ukimwambia mtu asiwaze kuanguka umekwisha kumwangusha. Waliambiwa waichukulie ndege kama kiungo kilichorefusha mwili wao, chombo cha kuwafikisha mbali haraka. Waelee pamoja nayo badala ya kupambana nayo. Na watenganishe kinachowezekana na kinachoelekea kutokea: ajali inawezekana, ndiyo, lakini haielekei kutokea safari hii. Hilo la mwisho ndilo linalomshika mtu mwenye akili ya mahesabu.

Sasa ubaya wake, na kwa Dodoma ubaya mkubwa ni mmoja: nani atakufanyia? Hii si huduma utakayoikuta imeandikwa kwenye ubao wa kila hospitali. Pa kuanzia pazuri ni kwa wataalamu wa afya ya akili wanaotambulika. Mji huu una bahati ya kuwa na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na watu waache kuona haya kupita lango lile. Hofu ya ndege ni tatizo la afya ya akili kama mengine, na anayelitibu haandiki kwenye paji la uso wako kwamba umetibiwa wapi. Uliza kama kuna mwanasaikolojia anayeshughulikia hofu mahususi, na kama ana mafunzo ya hipnosisi. Akiwa hana lakini anajua tiba ya kukabiliana na hofu hatua kwa hatua, umepata bora zaidi.

Wa kumkimbia ni yule ambaye kazi yake pekee ni hipnosisi, asiyekuuliza historia ya afya yako, anayeahidi kupona kwa asilimia mia, anayetaka malipo yote kabla, au anayekuita chumba cha hoteli. Mwanamke anayekwenda kwa mara ya kwanza ana haki ya kuomba aingie na ndugu au rafiki. Mtaalamu wa kweli hatachukia. Mkimbie pia anayetaka “kuchimba” utotoni kutafuta chanzo cha hofu. Kumbukumbu zinazofukuliwa chini ya hipnosisi zinaweza kuwa za kubuni, na mtu akatoka na uhakika wa jambo ambalo halikutokea. Umeingia na hofu ya ndege, unatoka na ugomvi na shangazi.

Taswira za kuongozwa

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili vinavyouzwa kwa jina moja, kwa kuwa kimoja hutuliza na kingine ndicho hutibu.

Aina ya kwanza ni mahali pa amani. Sauti laini inakupeleka ufukweni, mchanga mweupe, minazi, mawimbi yanakuja na kurudi. Rekodi nyingi za simuni ziko hivi, na karibu zote ni za Kiingereza. Zina kazi yake: zinashusha mapigo ya moyo na zinakupa usingizi usiku wa kuamkia safari. Lakini fikiria mtu wa Kongwa ambaye hajawahi kukaa ufukweni akawa na raha. Anaambiwa asikie mawimbi anayoyajua kwa televisheni tu. Mbaya zaidi, mtu ambaye hofu yake imejengwa na ile ndege ya Ziwa Victoria anatulizwa kwa sauti ya maji! Mahali pa amani lazima pawe pako. Shamba la mizabibu Hombolo kabla jua halijapanda. Kivuli cha mbuyu, kengele za ng'ombe kwa mbali, ule upepo wa baridi wa Juni unaokufanya uvute shuka. Ukiwa na ujomba Ugogoni na ulikua ukisikia ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, ikipigwa jioni, tumia hiyo. Fikra hushika haraka kile mwili ulichowahi kukigusa.

Aina ya pili ni mazoezi ya safari yenyewe, na hii ndiyo ninayoipigia debe. Unajenga ngazi ya matukio kutoka dogo hadi kubwa, kisha unayapitia kwa fikra ukiwa na mwili uliotulia, moja baada ya jingine, bila kuruka. Aliyeiweka njia hii katika utaratibu ni daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, mwaka 1958. Kwa msafiri wa Dodoma ngazi inaweza kuwa hivi: meseji ya tiketi inaingia. Unafunga begi. Teksi inakata kona ya uwanjani. Ukaguzi, mkanda wa suruali unavuliwa. Unatembea kwa miguu juani hadi ngazi ya ndege, harufu ya mafuta. Unakaa. Mlango unafungwa. Injini. Ndege inaanza kukimbia. Inapaa. Inatikisika. Inatua.

Unakaa na tukio moja mpaka hofu ishuke angalau nusu, ndipo unapanda ngazi inayofuata. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wakifika kwenye tukio linalouma wanalikatisha, wanarudi chini ya mbuyu. Ukifanya hivyo umeufundisha ubongo kwamba tukio lile kweli ni hatari, kwa ushahidi kwamba umelikimbia. Kaa. Hofu hupanda, husimama, halafu huchoka yenyewe, kwa kawaida mapema kuliko unavyodhani. Mbuyu ni wa kuanzia na kumalizia tu.

Rekodi yako jirekodie mwenyewe kwenye simu, kwa Kiswahili chako, au mpe mtu ambaye sauti yake inakutuliza. Tumia wakati uliopo na nafsi ya kwanza, na usifiche sauti za kutisha, zieleze. Sehemu ya kupaa inaweza kwenda hivi:

“Nimekaa. Mgongo unagusa kiti, mkanda umenikaa kiunoni. Mlango umefungwa, nimeusikia. Moyo unakwenda mbio, uende. Navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa hesabu ya sita. Injini inaongeza sauti. Kiti kinanisukuma mgongoni. Tunakimbia, tunakimbia, kishindo kinakatika: tumeachana na ardhi. Chini naona mabati yanang'aa, kisha vilima vya mawe. Nasikia kishindo chini ya miguu: magurudumu yameingia ndani. Sasa injini inapunguza sauti, na tumbo linadhani tunaanguka. Hatuanguki. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu kazi kubwa ya kupaa imekwisha. Ndege inatikisika. Naiacha initikise nami nitikisike nayo. Mikono yangu iko wazi mapajani. Natoa pumzi.”

Kuna watu wachache ambao ukiwaambia wafumbe macho waone chungwa, hawaoni kitu, giza tupu. Mwaka 2015 wanasayansi waliipa hali hiyo jina, na si ugonjwa. Kama ndivyo ulivyo, usiseme taswira zimekushinda: jenga rekodi yako kwa sauti, joto, mgandamizo wa kiti na harufu. Mwili una njia nyingi za kukumbuka.

Zikiwekwa kando kwa kando

Kwa pesa, taswira zinashinda bila ubishi. Hipnosisi unalipia kila kikao na mtaalamu. Taswira zinataka simu, chumba chenye kimya kiasi, na dakika ishirini kwa siku kwa wiki mbili au tatu. Kwa muda, hipnosisi inaweza kushinda: mtu mwepesi anaweza kupata mabadiliko baada ya kikao kimoja au viwili, akiendelea kujizoesha nyumbani. Mvivu asijidanganye kwamba taswira ni bure. Zinalipiwa kwa nidhamu, na kuna wanaoona ni rahisi kulipa fedha.

Jinsi kila moja inavyoshindwa ni tofauti. Hipnosisi hushindwa kwa mtu asiye mwepesi, au mikononi mwa fundi mbovu. Taswira hushindwa kimya kimya, kwa kufupishwa na kuahirishwa, mpaka siku ya safari inafika ngazi tatu za juu hazijaguswa.

Kwa ushahidi, zote ziko nyuma ya tiba ya kukabiliana na hofu yenyewe hatua kwa hatua pamoja na kurekebisha mawazo. Mwaka 2000 Barbara Rothbaum na wenzake walionyesha kwamba hata miwani ya uhalisia pepe, ambamo mtu anakaa kwenye ndege ya kompyuta, ilisaidia sawa na mazoezi ya uwanjani penyewe. Taswira za aina ya pili ni ndugu wa karibu wa tiba hiyo, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kuzipendelea. Hipnosisi inakuwa na nguvu zaidi ikiunganishwa nayo kuliko ikiachwa peke yake, na mtaalamu anayejua kazi yake huchanganya vyote bila kukutangazia majina.

Ndani ya ndege tofauti karibu inapotea. Mmoja anabana vidole vyake, mwingine anavaa spika za masikioni. Cha kuangalia ni ulijizoesha wapi. Anayefanya mazoezi kitandani, taa imezimwa, amejifunika, anajifunza kulala. Fanya mazoezi umekaa wima kwenye kiti kigumu, miguu sakafuni, na mara nyingine feni iwe inaunguruma. Ukiweza kutulia kwenye basi la Kondoa lenye abiria wa kusimama, kiti cha ndege hakitakushinda.

Kuhusu imani, watu wa hapa huuliza na wana haki. Taswira hazina ugomvi na sala wala dua. Wengi huweka aya au zaburi fupi kwenye ile pumzi ya kutoa, na inakaa vizuri. Hipnosisi huwapa wasiwasi baadhi ya wachungaji na masheikh. Ukijua kwamba utaingia kikaoni ukiwa na hatia moyoni, achana nayo, maana mtu anayejilinda haingii.

Vidonge, na ile glasi

Nitapita haraka. Diazepam na ndugu zake ni dawa za kutuliza wasiwasi za kuandikiwa na daktari, si za kuombwa kwa jirani. Mwaka 1997 Frank Wilhelm na Walton Roth walichapisha jaribio la wanawake 28 wenye hofu ya ndege: waliopewa alprazolam, mmoja wa ndugu hao, walijisikia vizuri zaidi safari ya kwanza, ingawa mioyo yao ilikwenda mbio zaidi. Wiki moja baadaye waliporuka bila dawa, walipata taharuki zaidi kuliko waliopewa kidonge bandia. Dawa iliwanyima nafasi ya kujifunza kwamba wangeweza. Kwa safari moja ya dharura, daktari akikubali, sawa. Kwa mtu wa safari za kila mwezi, ni deni. Na divai ya Dodoma, pamoja na sifa zake zote, usiichanganye na kidonge chochote kati ya hivyo.

Wasioanzia hapa kabisa

Mwenye historia ya kusikia sauti au kuona yasiyokuwapo, au ugonjwa wa akili unaotibiwa, asiingie hipnosisi bila ruhusa ya daktari wake. Aliyenusurika ajali, ya ndege au hata ya basi, na bado anaamka usiku akiiona, anahitaji tiba ya kiwewe kwanza. Kujiongoza peke yake kurudi mle kunaweza kumuumiza. Na maumivu ya kifua yasiitwe hofu mpaka moyo uwe umepimwa.

Faida ya kuwa Dodoma

Uwanja wetu wa ndege uko ndani ya mji. Kwa mwenye nyumba jirani na njia ya kurukia ni kero, kwa mwenye hofu ni darasa la bure. Unaweza kwenda ukasimama mahali panaporuhusiwa, ukatazama ndege ikitua, abiria wakishuka wakipepesa macho kwa jua na kuuliza teksi, wazima kabisa. Rudia siku kadhaa. Hiyo inazipa taswira zako malighafi ya kweli badala ya video za ajali. Hata uwanja mpya wa Msalato ukichukua safari zote, kutoka mjini hadi kule si mbali.

Saa nayo ichague. Ardhi yetu ni kavu, na kuanzia saa sita mchana hewa ya moto inapanda kwa fujo. Ndege za pangaboi huruka chini kuliko za jeti, kwa hiyo hukutana na fujo hiyo kwa muda mrefu zaidi. Mtikisiko huo hauvunji ndege, lakini mgeni wa safari hauhitaji siku ya kwanza. Kata tiketi ya asubuhi.

Basi uchague ipi?

Anayeogopa kuanguka, na kichwa chake hakikomi kutengeneza picha: taswira za safari, bila kusita. Ana kipaji tayari, anakigeuza mwelekeo tu.

Anayezama kwenye tamthilia, ana pesa kidogo na mtaalamu anayeaminika, na safari yake ni baada ya wiki tatu: ajaribu hipnosisi, vikao viwili. Akitoka bila kuhisi chochote, asiongeze cha tatu. Ahamie kwenye taswira.

Anayeogopa kufungiwa, au anayeogopa mwili wake utamwaibisha: hapa nasita kuhusu zote mbili zikiwa peke yake. Huyo anahitaji mwanasaikolojia wa kumzoesha mbio za moyo zenyewe, kwa mfano kwa kupanda ngazi haraka ofisini kisha kukaa bila kufanya chochote. Taswira ziwe kazi yake ya nyumbani.

Anayetaka tu usukani: mweleze ndege inavyofanya kazi. Nusu ya hofu yake ni maswali. Wazo la ndege kama kiungo kilichorefushwa humkaa vizuri kuliko wengine wote.

Na yule ambaye safari yake ni keshokutwa, hana wiki tatu. Asianze ngazi nzima. Achukue matukio matatu tu: mlango kufungwa, ndege kupaa, sauti ya injini kupungua. Ayarekodi leo, ayasikilize amekaa, mara kadhaa leo na kesho. Aombe kiti cha usawa wa bawa, ambako mtikisiko huhisiwa kidogo kuliko mkiani, na kiwe cha upande wa njia kama kubanwa kunamsumbua. Apunguze kahawa asubuhi hiyo. Na akifika mlangoni mwa ndege amwambie mhudumu waziwazi, “Dada, mimi naogopa ndege.” Mhudumu ameshalisikia hilo mara nyingi, na akijua umekaa kiti gani atakupitia mkishatulia angani.